MAKAA YALIYOOSHWA BADO NI MAKAA



Leo nataka tubishane na maneno mawili tu: "makaa safi". Umeyasikia. Ukitaja ule mtambo wa stima wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, hakosi mtu wa kukwambia ati umebaki nyuma, makaa ya siku hizi si yale ya zamani, yanaoshwa, yanachujwa, moshi wake ni kama mvuke wa chai. Na wanaosema hivyo si mawakala wa kampuni peke yao. Wengine ni vijana wenzetu, wamesoma, wanatafuta kazi, hawana ubaya wowote. Wamepewa neno tamu wakalimeza na kokwa lake.

Sitaki ukatae makaa kwa sababu ukurasa huu umekwambia ukatae. Hiyo ni akili ya kukodi. Nataka ujue makaa yanaoshwa vipi, uchafu gani unatoka, uchafu gani hautoki, na ule unaotoka unapelekwa wapi. Ukijua hayo, mtu akikutajia "safi" utakuwa na swali la kumuuliza, na utaona vile anavyoanza kuangalia saa.

Tuanze chini ardhini. Makaa ya mawe ni mimea ya kale iliyozikwa, ikakandamizwa miaka mamilioni mpaka ikawa jiwe jeusi linalowaka. Lakini haikuzikwa peke yake. Ilizikwa na udongo, mchanga na mawe. Kwa hivyo makaa yakichimbwa yanatoka yamechanganyika na vitu ambavyo haviwaki, na hivyo ndivyo vinavyobaki kuwa jivu. Kuna makaa ambayo theluthi nzima ya uzito wake ni jivu mtupu. Halafu ndani yake kuna salfa, kuna zebaki, kuna aseniki, kidogo kidogo. Kidogo hicho usikidharau. Mtambo mkubwa unachoma maelfu ya tani kila siku inayokuja na Mungu.

Sasa kuosha. Si sabuni na brashi. Makaa yanapondwa kwanza, yanachekechwa, makubwa huku madogo kule. Halafu yanatiwa kwenye maji yaliyofanywa mazito kwa kuchanganywa na unga laini wa madini ya chuma uitwao magnetiti. Kwa nini maji mazito? Chukua yai bichi ulitie kwenye glasi ya maji: litazama. Tia chumvi ya kutosha ukoroge: litaelea. Makaa ni vivyo hivyo. Kwenye maji matupu yanazama pamoja na mawe. Kwenye maji mazito makaa yanaelea kwa sababu ni mepesi kuliko jiwe, na jiwe linakwenda chini. Unakomba makaa juu, unatupa mawe, ule unga wa chuma unaunasa kwa sumaku uutumie tena. Na yale makaa madogo kabisa, vumbi vumbi, yanatiwa kwenye matangi yenye dawa na mapovu. Makaa hayapendi maji, yanashika kwenye povu na kupanda nalo, udongo unabaki chini.

Kazi nzuri, wallahi. Mwenye kuivumbua alikuwa na akili. Na mimi sitakudanganya kwamba haina faida. Makaa yaliyooshwa yana jivu kidogo, yanawaka kwa joto zaidi, hayaharibu matanuri haraka, na ukiyasafirisha kwa treni au meli hulipii nauli ya mawe. Umeona lakini? Faida zote hizo ni za mwenye mtambo na mwenye meli. Kuosha makaa kulianza kama hesabu ya biashara, kupunguza gharama ya kubeba na kuchoma mawe. Kutajwa kwa afya ya jirani kulikuja baadaye, na watu wa matangazo.

Twende kwa kile kisichotoka. Salfa ndani ya makaa iko ya aina mbili. Moja imekaa kama madini, chuma na salfa pamoja, inang'aa kama dhahabu ya uongo, jina lake pairaiti. Hii ni nzito sana, kwa hivyo ukiosha sehemu yake inazama na kutoka. Ya pili imejifunga ndani ya makaa yenyewe, ni sehemu ya mwili wake. Hiyo hata uoshe mara mia haitoki mpaka uchome. Ukichoma inatoka kama gesi ya salfa, ile inayobana kifua cha mwenye pumu na kugeuza mvua kuwa tindikali. Zebaki nayo, sehemu inatoka na mawe, sehemu inabaki. Oksaidi za naitrojeni, ambazo nazo zinaumiza mapafu, zinatengenezwa na moto wenyewe, kwa hivyo kuosha hakuzimalizi kabisa.

Na kaboni? Hapo ndipo stori yote ilipo. Kaboni ndiyo makaa. Kaboni ndiyo inayowaka. Hakuna atakayeitoa kwa kuosha kwa sababu akiitoa atabaki na mawe. Ukiosha unapata makaa yenye kaboni zaidi kwa kila tani. Kila kilo moja ya kaboni ikiwaka inashika oksijeni hewani na kuwa zaidi ya kilo tatu na nusu za hewa ya ukaa. Ukitaka ya karibu zaidi: ile uniti moja ya stima unayonunua kwa tokeni, ikitoka kwenye mtambo wa makaa, imeachilia karibu kilo moja ya hewa ya ukaa juu ya vichwa vyetu. Makaa yaliyooshwa yatapunguza kidogo, kwa sababu tanuri linafanya kazi vizuri zaidi. Kidogo hicho ndicho wanachokiita "safi".

Sasa uchafu ule uliotoka uko wapi? Maana uchafu haufi. Ukifagia chumba unaupeleka mahali.

Ukiosha makaa unabaki na vitu viwili: milima ya mawe meusi, na tope. Tope hilo ni maji, udongo, vumbi la makaa, na vile vyuma vyenye sumu vilivyokuwa kwenye mawe. Hulimwagi mtoni, kwa hivyo unajenga bwawa ulihifadhi. Na mara nyingi kingo za bwawa zinajengwa kwa yale yale mawe yaliyotupwa, kwa sababu ni ya bure.

Marekani, jimbo la West Virginia, bonde la Buffalo Creek. Tarehe 26 Februari 1972, asubuhi, mvua imenyesha siku kadhaa. Bwawa la tope la kampuni ya makaa likapasuka. Siku nne nyuma mkaguzi alikuwa amelipitia akasema liko sawa. Maji meusi karibu lita milioni 500 yakashuka bondeni kupitia vijiji vya wachimbaji wenyewe, yaani watu walewale walioyatoa makaa hayo ardhini. Walikufa 125. Zaidi ya 4,000 wakabaki bila nyumba. Na kampuni ilijitetea vipi? Ilisema ni kazi ya Mungu.

Soma tena hapo. Walirundika mawe kuwa ukuta, wakajaza tope nyuma yake, juu ya nyumba za watu, halafu likaporomoka wakamsingizia Mungu. Sisi tunaamini kadari, na kwa sababu hiyo hiyo tuwe wa mwisho kukubali mtu aitumie kama wakili wake kortini. Kadari haikuandika barua ya kuokoa pesa za uhandisi.

Utaniambia hiyo ni 1972, dunia imebadilika. Haya. Tarehe 11 Oktoba 2000, Martin County, Kentucky. Sakafu ya bwawa la tope la makaa ikatoboka, tope likaingia kwenye mgodi wa zamani uliokuwa chini yake na kutokea upande wa pili kwenye vijito. Zaidi ya lita bilioni moja. Hakufa mtu siku ile, alhamdulillah, lakini mito ilijaa tope jeusi zito, samaki wakaisha, na maelfu ya watu wakaharibikiwa maji ya kunywa.

Na 2014, tarehe 9 Januari, huko huko West Virginia, tangi lilivuja kando ya mto Elk, juu kidogo tu ya mahali mji wa Charleston unapovuta maji yake. Kilichovuja ni dawa ya kuoshea makaa, ile ya kwenye mapovu niliyokueleza. Watu kama 300,000 wakaambiwa wasinywe maji ya bomba, wasipikie, wasioge. Maji yananuka harufu tamu tamu kama peremende. Siku chache baadaye kampuni yenye tangi ikatangaza imefilisika. Hii ilitokea kwenye mji mkuu wa jimbo, Marekani, nchi yenye maabara, yenye wakaguzi wenye magari na mafuta ya kutia kwenye magari. Wewe mwenyewe jipe jibu ingekuwaje kwetu.

India nao wanatufundisha kitu. Makaa yao yana jivu jingi sana, kwa hivyo kwa miaka mingi sheria iliwalazimisha kwamba makaa yanayosafirishwa mbali hadi mitambo ya stima yasizidi jivu asilimia 34, maana yake mengi yaoshwe. Mei 2020 serikali ikaifuta sheria hiyo. Sababu mojawapo walizotoa ni kwamba yale mabaki ya kuosha hayatupwi, yanauzwa kwa viwanda vingine na kuchomwa huko, kwa hivyo uchafu umehama tu kutoka bomba moja kwenda lingine. Wanamazingira wa India waliikataa hatua hiyo, wakisema sasa jivu lote linarudi kwenye mitambo. Mimi nafikiri pande zote mbili zilisema kweli. Ukiosha, uchafu unabaki mgodini. Usipoosha, unakwenda mtamboni.

Lakini ukimbana muuzaji wa "makaa safi" kwa hayo yote, atakwambia hakumaanisha kuosha. Atakwambia alimaanisha teknolojia ya mtamboni. Huu ndio ujanja wa hilo neno, na nimeuona ukitumika mara nyingi kwenye mijadala: neno moja lina maana tatu, na mtu anahama kutoka moja kwenda nyingine kila ukimkaribia. Kwanza safi ni kuosha kabla ya kuchoma. Ukiuliza salfa, safi inakuwa kuchuja moshi baada ya kuchoma. Ukiuliza hewa ya ukaa, safi inakuwa kuinasa na kuizika ardhini. Tumfuate huko huko.

Kuchuja moshi ni kweli kupo na kunafanya kazi. Moshi unapitishwa kwenye sahani zenye umeme zinazonasa majivu, halafu unanyunyiziwa maji ya mawe ya chokaa yanayokamata salfa. Bomba linatoa moshi mweupe, watu wanapiga picha. Lakini fikiria: kila ulichokizuia kisiende hewani kiko wapi? Kiko kwenye jivu na kwenye tope la chokaa. Kadiri unavyochuja moshi vizuri ndivyo jivu linavyokuwa na sumu zaidi. Aseniki haikupotea, imeshuka kutoka juu ikaja chini.

Kingston, Tennessee, tarehe 22 Desemba 2008, usiku. Ukingo wa bwawa la jivu la mtambo wa stima, mtambo wa shirika la serikali kuu yenyewe, ukavunjika. Zaidi ya lita bilioni 4 za jivu lenye maji zikafunika mashamba na kuziba mto. Wafanyakazi walioletwa kulizoa walikaa hapo miaka, na baadaye wakaenda mahakamani wakisema jivu lile limewaacha wagonjwa na kuwaua wenzao. Walizoa bila barakoa za kutosha, walisema.

Na Kwasasi jivu lingekaa wapi? Pale pale, kando ya bahari, kwenye ardhi ya chini, upande wa ghuba ya Manda. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Kamba, kaa, samaki wachanga wanalelewa kwenye mizizi ile. Mvuvi wa Pate au wa Kizingitini hana haja ya digrii ya kemia kujua kwamba kitu kikiingia kwenye mkondo kinarudi kwenye wavu.

Kuhusu kuinasa hewa ya ukaa na kuizika, nitapita haraka kwa sababu hata waliotaka wameshindwa kuifanya iwe ya kawaida. Mississippi walijenga mtambo wa Kemper uwe mfano wa dunia wa makaa safi. Gharama ikapanda hadi zaidi ya dola bilioni 7, na 2017 wakaachana na makaa wakaendelea na gesi asilia. Canada kuna Boundary Dam, unanasa tangu 2014, kwenye mtambo mmoja tu wa ukubwa wa kadiri, na sehemu ya stima unayozalisha inaliwa na kazi hiyo hiyo ya kunasa. Kwa hivyo kitu kipo, ni ghali ajabu, na mtu akikuahidi atakuletea Lamu muombe akuonyeshe ilipoandikwa kwenye mkataba.

Turudi kwetu, maana huko tumetembea sana. Mpango wa Lamu ulikuwa mtambo wa megawati 1,050, wa dola bilioni 2. Makaa yaje kwanza kwa meli kutoka Afrika Kusini, baadaye yachimbwe bonde la Mui, Kitui. Chukua sasa ule mfano wa kuosha uutie hapa.

Makaa ya Afrika Kusini yanayouzwa nje huoshwa kule kule, kabla ya kupakiwa. Kwa hivyo yangefika Lamu "masafi", na mawe na tope lake limebaki Mpumalanga, kwa watu weusi maskini kama sisi. Kama usafi wako maana yake ni kumwachia mwenzako tope mlangoni, hebu tuliite jina lake.

Na ya Kitui? Kuosha makaa kunataka maji, mengi. Wewe umepita Kitui wakati wa kiangazi? Akina mama wanafukua mchanga kwenye mto mkavu wapate mtungi mmoja. Mkulima wa Mui anasubiri mvua, halafu kuna mtu anapanga kumwambia maji yapo, lakini ni ya kuoshea mawe meusi yapelekwe pwani kuchomwa. Ama yasioshwe, yachomwe na uchafu wake wote Lamu. Kati ya hayo mawili lipi ndilo "safi"? Nimetafuta jibu la hili, sijaona mtu wa mradi akiligusa.

Kuna kijana atasema: sawa ndugu, lakini sisi hatuna kazi, na stima inapotea kila siku. Hilo nalichukulia kwa uzito, silipuuzi. Vijana wa Lamu wana haki ya kazi kama wa Nairobi. Lakini angalia hesabu. Mwaka 2019, ulipokuwa unapiganiwa mtambo huu, kilele cha matumizi ya stima nchi nzima kilikuwa hakijafika megawati 2,000. Mtambo mmoja ulikuwa ulete zaidi ya nusu ya hapo, ilhali sehemu kubwa ya stima yetu tayari inatoka mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Tana na upepo wa Turkana. Na mkataba ulikuwa wa miaka 25 wa kulipia uwezo wa mtambo, uzalishe usizalishe. Taasisi ya IEEFA ilipiga hesabu mwaka huo ikasema ni angalau dola milioni 360 kila mwaka, hata kama mtambo haujawasha taa moja. Hiyo pesa ingetoka wapi? Kwenye tokeni yako. Stima inapotea Lamu kwa sababu ya nyaya na laini mbovu, na mtambo mpya hautengenezi laini mbovu.

Kuhusu kazi, mtambo wa makaa unaajiri watu wengi wakati wa kujenga, wakimaliza kujenga wanabaki wachache na wengi wao ni mafundi maalumu. Bahari imeajiri Lamu kabla hakujakuwa na nchi inaitwa Kenya. Ilipochimbwa bandari ya LAPSSET, wavuvi walienda kortini, na 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru zaidi ya wavuvi 4,000 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Korti ilikubali kwamba bahari ni kazi. Tusikubali sisi wenyewe kusema Lamu hakuna kazi, kama kwamba babu zetu walikuwa wamekaa baraza tu miaka 700.

Na usisahau Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri, kazi kwa vijana, maendeleo. Watu wakaingia madini ya risasi kwenye damu, watoto wakiwemo. Korti ikawapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na bado walizungushwa mpaka Mahakama ya Juu, Desemba 2024. Fidia inakuja ikiwa mtu ameshazikwa.

Sasa nieleze kwa nini mtambo wa Lamu haukujengwa, kwa sababu wengi wanadhani ni maandamano peke yake. Maandamano yalisaidia, fulana zilisaidia. Lakini kilichouvunja ni karatasi. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Save Lamu na wakazi wengine wakaenda NET, ile mahakama ya mazingira, wakakaa huko karibu miaka mitatu. Tarehe 26 Juni 2019 NET ikaifuta leseni. Sababu kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini kabla ya utafiti wa athari kwisha. Utafiti wenyewe ulipotoka, mamia ya kurasa, haukurudishwa kwa watu wa Lamu wausome na kuujadili kabla ya leseni kutolewa. Yaani watu waliitwa kuambiwa mradi ni mzuri, hawakuitwa kusoma ndani ya mradi kuna nini. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa, benki kubwa ya China, ICBC, ikajitoa 2020. Kampuni ilikata rufaa, na 2025 korti ya mazingira na ardhi Malindi ikaitupa rufaa hiyo.

Unaona neno "safi" lilikuwa na kazi gani pale? Lilikuwa linakaa mahali pa ile ripoti. Kama makaa ni safi, kuna haja gani ya mzee wa Faza kusomewa jivu litawekwa wapi?

Kwa hivyo siku likirudi, na litarudi, iwe ni makaa, iwe ni jina lingine jipya, fanya hivi. Ukiwa kwenye baraza, nyanyua mkono uulize kwa heshima: safi ipi, ya kuosha, ya kuchuja au ya kuzika? Makaa yanaoshwa wapi na kwa maji ya nani? Tope linakaa kwenye bwawa gani, na kingo zake zimejengwa kwa nini? Tani ngapi za jivu kwa mwaka, na baada ya miaka 25 mwenye jivu ni nani? Mtangulize mama anayejua kuuliza kuliko wewe, kuna akina mama Lamu wamewatoa jasho mawakili wa Nairobi. Usikubali jibu la mdomo. Rekodi kwa simu, andika tarehe.

Halafu omba ripoti ya athari za mazingira. Si hisani, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari, na cha 42 kinakupa mazingira safi, neno lile lile lakini hapa lina maana moja. Ripoti ikiwa kwa Kiingereza kigumu, leteni hapa, tuna watu wa kuisoma na kuieleza kwa Kiswahili na kwa Kiamu. Na leseni ikishatolewa usikae ukilalamika kwenye status. Sheria inakupa siku 60 za kukata rufaa NET. Zikipita, utaanza kumwelezea hakimu kwa nini umechelewa badala ya kumwelezea jivu. Kwa hivyo siku ile ile ukisikia leseni imetoka, tupigie, na wewe mwenyewe anza kuhesabu.